Dawa za kifafa na umeme wa moyo: Usiache vidonge kwa hofu, uliza kwanza

Hivi karibuni nilikuwa Ikuti, wilayani Rungwe, kwenye kliniki ya mkoba. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, kama ilivyo kawaida ya huko, na watu walikuwa wamejibana barazani wakisubiri zamu. Tulipokaribia kumaliza, mama mmoja alinifuata pembeni. Akafungua pindo la kitenge chake na kunionyesha vidonge vya mwezi mzima ambavyo havijaguswa.

"Daktari, mwanangu sijampa hivi kwa wiki tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Niliambiwa vinaharibu moyo."

Kijana wake ana miaka 13. Alikuwa amekaa mwaka na nusu bila kuanguka, akitumia kabamazepini, dawa ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Tegretol. Kisha ndugu yao wa mjini akamsomea mama kwenye simu kwamba dawa za kifafa zinavuruga umeme wa moyo na kwamba kuna watu wanalala na hawaamki. Mama akaogopa, akaacha kumpa. Siku ya tano kijana alianguka jikoni na mkono wake ukaingia kwenye moto wa kuni. Nilipomwona, mkono ulikuwa bado umefungwa bandeji.

Sikumgombeza mama yule. Alichosomewa si uongo, ila ni nusu ya habari. Nimebadilisha mambo machache katika kisa hiki ili familia isitambulike, lakini hofu yenyewe nimeikuta kwa wazazi wengi. Ndiyo maana, ndugu msomaji, wiki hii naomba tukae na jambo hili mpaka tulielewe: je, dawa za kifafa zinagusa moyo? Kama zinagusa, ni kwa nani, na ufanye nini?

Kwa nini dawa ya kichwa ifike moyoni

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kila seli ya ubongo ina vilango ambavyo madini kama sodiamu, potasiamu na kalsiamu hupita kuingia na kutoka. Kupita huko ndiko kunakozaa umeme. Kifafa hutokea pale kundi la seli linapofyatua umeme kwa wakati mmoja, bila mpangilio. Ndipo mtu hukakamaa, hutetemeka, hukodoa macho au hupotewa na fahamu.

Dawa kadhaa za kifafa hufanya kazi kwa kubana vilango vya sodiamu, ili seli isifyatue umeme ovyo. Kabamazepini, fenitoini na lamotrijini zimo katika kundi hili.

Sasa, moyo nao unaendeshwa na umeme. Juu upande wa kulia wa moyo kuna mahali umeme unapoanzia. Unashuka kupitia vyumba vya juu, unafika kwenye kituo cha katikati ambako unacheleweshwa kidogo, kisha unasambaa vyumba vya chini na moyo unabana kusukuma damu. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Watoto hupiga haraka zaidi, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo mapigo yanavyokuwa mengi.

Moyo pia una vilango vya sodiamu. Havifanani kabisa na vya ubongo, lakini ni ndugu. Dawa inayobana vya ubongo inaweza kubana kidogo na vya moyo. Kwa moyo mzima wenye afya, kubanwa huko kwa dozi ya kawaida hakuonekani, na mgonjwa hahisi kitu. Kwa moyo ambao njia yake ya umeme tayari ina hitilafu, kubanwa kidogo kunaweza kutosha kuchelewesha umeme, au kuuzuia usifike chini.

Dawa si zote sawa

Watu husema "dawa za kifafa" kana kwamba ni dawa moja. Sivyo. Tuziangalie zile mnazokutana nazo zaidi.

Fenobabitoni ndiyo ya zamani kuliko zote zinazotumika leo. Ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 nchini Ujerumani. Kwa dozi ya kawaida ya vidonge haisumbui umeme wa moyo. Lawama zake ni nyingine: usingizi, uzito wa kichwa, na kwa watoto wengine utundu uliozidi. Ikizidishwa sana hupunguza pumzi, kwa hiyo ifungieni mbali na watoto.

Kabamazepini inaweza kupunguza kasi ya moyo au kuzuia umeme usishuke vizuri. Hili huonekana zaidi kwa wazee na kwa wenye matatizo ya umeme wa moyo tangu awali. Mtu ambaye kipimo kimeonyesha umeme wake unazuiwa katikati ya moyo, na hana kifaa cha kusaidia mapigo, hapaswi kuanzishwa dawa hii. Kabamazepini pia inaweza kushusha sodiamu katika damu, na hilo huleta kuchanganyikiwa, kichefuchefu, hata kifafa chenyewe kurudi.

Fenitoini ya vidonge kwa kawaida haileti shida ya moyo. Inayohitaji uangalifu ni ile ya kupitia mshipa, inayotolewa hospitalini mgonjwa anaposhikwa mfululizo. Ikiingia kwa kasi inaweza kushusha presha na kuvuruga mapigo. Kwa mtu mzima isizidi miligramu 50 kwa dakika. Maana yake, mtu wa kilo 60 anayepewa dozi ya kwanza ya miligramu 1,200 anahitaji dakika zisizopungua 24. Kwa hiyo ukimwona muuguzi amesimama kitandani kwa mgonjwa wako, anasukuma dawa polepole huku anapima presha na mapigo, usimharakishe. Anaulinda moyo.

Lamotrijini ilizua hofu kubwa mwaka 2021. Mwezi Machi mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba inaweza kuongeza hatari ya mapigo kwenda ovyo kwa watu wenye ugonjwa wa moyo. Zingatia maneno hayo: kwa watu wenye ugonjwa wa moyo. Onyo halikuwa kwa kila kijana anayeitumia.

Valproeti na levetirasetamu kwa kawaida hazipunguzi kasi ya moyo, na mara nyingi ndizo tunazozigeukia moyo unapokuwa na hitilafu. Lakini valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo kwa wasichana na akina mama wa umri wa kuzaa tunafikiria mara mbili.

Mzee niliyemwongezea dozi

Nisije nikaonekana natetea dawa tu. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mzee wa miaka 70 aliyeanza kupata kifafa baada ya kiharusi. Alikuwa anatumia kabamazepini, na kwa ajili ya presha alikuwa anatumia atenololi, dawa ambayo nayo hupunguza mapigo. Alikaa vizuri kwa miezi, kisha akarudi.

"Binti yangu," aliniambia, "naanguka tena."

Nilikuwa na foleni ndefu. Nilisikia neno "naanguka", nikaandika dozi kubwa zaidi ya kabamazepini. Sikumuuliza alikuwa anaangukaje, na sikumshika mkono kuhesabu mapigo.

Wiki mbili baadaye aliletwa amedhoofu. Muuguzi ndiye aliyehesabu mapigo: 38 kwa dakika. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba umeme kutoka vyumba vya juu ulikuwa unaruka zamu, mapigo mengine hayafiki chini. Tulimlaza, tukasimamisha dawa zote mbili huku tukimkinga kwa dawa nyingine ya kifafa, na siku zilizofuata mapigo yakapanda.

Nilipokaa na mkewe ndipo nilipopata habari ambayo ningeipata siku ya kwanza kama ningeuliza. Mzee alikuwa anabadilika rangi, anatoka jasho, anaporomoka, na baada ya sekunde chache anaamka akili timamu. Hakutetemeka, hakung'ata ulimi, hakujikojolea, hakulala fofofo baadaye. Kule hakukuwa kuanguka kwa kifafa. Moyo ulikuwa unachelewa kupeleka damu kichwani, nami nilikuwa nimeuongezea mzigo.

Tangu siku ile, mgonjwa wa kifafa akiniambia anaanguka tena, nashika kwanza mkono wake.

Hatari kubwa iko wapi

Sasa tupime. Upande mmoja yupo mzee kama huyu, ambaye dawa iligusa moyo wake. Upande wa pili yupo kijana wa Ikuti, aliyeungua kwa sababu dawa iliachwa. Wote wawili ni wa kweli, lakini hawako sawa kwa idadi. Nimeona wengi wa aina ya kijana na wachache wa aina ya mzee.

Na si mimi peke yangu. Hapa hapa Tanzania, Mahenge mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Miaka 30 baadaye yeye na Dkt. Rwiza walifuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo. Wengi walikuwa wamekwisha kufariki, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe: kushikwa mfululizo bila kupata nafuu, kuzama majini, kuungua moto. Mambo yale yale yanayotutisha leo kwenye mito ya Rungwe na majiko yetu ya kuni.

Na vile vifo vya usingizini ambavyo mama alisomewa? Vipo. Ni nadra: kwa makadirio ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2017, ni kama mtu mzima mmoja kati ya 1,000 wenye kifafa kwa mwaka, na mtoto mmoja kati ya 4,500. Lakini kinachoongeza hatari hiyo kuliko vyote ni kushikwa na degedege kubwa la mwili mzima mara kwa mara, hasa usiku. Mtu anaposhikwa vile, pumzi na mapigo ya moyo huvurugika. Kwa hiyo kwa wagonjwa walio wengi, kidonge kinachozuia kushikwa ndicho kinacholinda na moyo. Mama alikuwa amekiondoa kidonge ili kumkinga mtoto na jambo ambalo kidonge kilikuwa kinamkinga nalo.

Si kila anayeanguka ana kifafa

Kuna jambo moja zaidi ambalo mzazi anapaswa kulijua. Wapo watoto wanaoitwa wenye kifafa kwa miaka, wanameza vidonge bila nafuu, kumbe tatizo lao liko kwenye umeme wa moyo tangu kuzaliwa. Moyo wao huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Wakishtuka au wakikimbia, mapigo huenda ovyo, damu haifiki kichwani, wanaanguka, na wengine hutetemeka kidogo. Kwa macho inafanana na kifafa.

Mshuku moyo, umwambie daktari, kama mtoto wako:

Huanguka akiwa anakimbia, anacheza mpira au anaogelea. Huanguka baada ya kushtuliwa ghafla, kwa mfano na kelele au kengele. Huanguka ghafla akiwa amepauka, kisha huamka upesi bila kuchanganyikiwa. Hulalamika moyo kwenda mbio kabla ya kuanguka. Ana ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana.

Na kama mtoto amezaliwa kiziwi na anaanguka, usiache kuomba kipimo cha moyo. Madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza mwaka 1957 juu ya ndugu wa familia moja waliozaliwa viziwi na waliokuwa wakizimia kwa sababu ya umeme wa moyo. Kipimo rahisi hutambua.

Kipimo chenyewe na nani akipate

Kipimo cha umeme wa moyo huitwa ECG. Mgonjwa analala, anabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inachora mstari wenye nundu na miiba kwenye karatasi. Hakiumi, hakichomi sindano, na nyaya hazipeleki umeme mwilini. Zinasikiliza tu umeme uliopo. Huchukua dakika chache. Kama kituo chenu cha afya hakina mashine, omba rufaa. Kwa watu wa Ikuti njia ni Tukuyu, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Kila anayeanguka kwa mara ya kwanza anastahili kupata kipimo hiki mara moja, ili tujue kama ni kichwa au ni moyo. Miongozo ya Uingereza inataka hivyo, nami nakubaliana nayo. Kikiwa kizuri, na mgonjwa ni kijana asiye na dalili za moyo, hakuna haja ya kukirudia kila mwezi kwa sababu tu anatumia dawa.

Wanaohitaji kipimo kabla ya kuanza kabamazepini, lamotrijini au fenitoini ni wenye zaidi ya miaka 60, wenye ugonjwa wa moyo wa aina yoyote, pamoja na walioharibika milango ya moyo kwa homa ya baridi yabisi, waliowahi kuzimia bila sababu, na wanaotumia dawa nyingine zinazopunguza mapigo.

Hapo ndipo nawaomba mje na dawa zenu zote mkononi, si za kifafa tu. Eritromaisini, dawa ya vijidudu inayouzwa mara kwa mara, huipandisha kabamazepini katika damu hata mtu akapepesuka na kuona vitu viwili viwili. Isoniazidi ya kifua kikuu hupandisha kabamazepini na fenitoini pia. Mwambie muuza dawa: "Mgonjwa wangu anatumia dawa ya kifafa," kabla hajakupa chochote.

Unachoweza kufanya nyumbani

Jifunze kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mgonjwa akiwa ametulia. Hesabu kwa dakika nzima. Andika kwenye daftari la kliniki.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama mtu mzima anayetumia dawa ya kifafa ana mapigo chini ya 50 na anajisikia vibaya, kama anazimia, kama anahisi moyo unaruka, au kama kuanguka kwake kumebadilika sura na hakufanani na kule mlikokuzoea. Kama anashikwa kwa zaidi ya dakika 5, au anashikwa tena kabla ya kuzinduka, hiyo ni dharura. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tafuta usafiri.

Mfanyakazi wa afya akisema dawa ibadilishwe, itabadilishwa kwa hatua: moja inashuka huku nyingine inapanda. Usiikate mwenyewe. Na kama umekwisha kuacha kwa siku kadhaa, usirudi kwenye dozi ya zamani kwa mkupuo. Hasa lamotrijini, ikirudishwa kwa dozi kubwa inaweza kuleta upele mkali wa hatari. Nenda kliniki, useme ukweli. Hatutakufukuza.

Yule mama alisema ukweli. Nilimshika kijana mkono: mapigo 78, yanakwenda sawasawa. Niliuliza kuhusu kuzimia, michezo, ndugu waliokufa ghafla; hakuna. Hakuwahi kupimwa umeme wa moyo, kwa hiyo nilimwandikia rufaa ya Tukuyu. Majibu yalikuja ni mazuri. Tulimrudishia kabamazepini kwa dozi ndogo, tukapandisha wiki hadi wiki. Bado anakwenda kusafishwa kidonda, na vidole viwili havijakunjuka vizuri. Tunaendelea na mazoezi.

Tulipoagana mama alisema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akauliza swali ambalo nadhani ni lenu pia: "Nikisikia tena jambo kwenye simu, nifanye nini?"

Nilimjibu: endelea kumpa vidonge usiku huo kama kawaida, na asubuhi uje uniulize.

Wiki ijayo tutazungumzia valproeti na wasichana wanaokaribia umri wa kuolewa.